Barua ya wazi kwa watoto wa Dodoma mnaojenga nyumbani kwa kutuma pesa

Ndugu zangu mlioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo,

 

Nawaandikia nyinyi, sio mhandisi wa halmashauri wala mtendaji wa kijiji, kwa sababu nyinyi ndio mnaoamua nyumba za huku zifanane vipi. Mtu akishajenga kwa pesa ya kutoka mjini, akaezeka bati la rangi na kutia madirisha ya alumini, kijiji kizima kinaihesabu hiyo kuwa ndiyo nyumba. Alizeti ikiuzwa, jirani anakuja kwa fundi na ombi moja tu: nijengee kama ile pale. Sisi mafundi tunajenga tunachoambiwa. Picha uliyoirusha kwa simu ukiwa kwenye foleni ya Kimara ndiyo inayokuwa ramani ya nyumba kumi ambazo wewe hutaziona.

Tatizo ni kwamba picha hiyo ni ya nyumba ya Pwani. Dar es Salaam usiku hauna baridi ya kukusaidia, bahari imeshikilia joto na kilichobaki ni kuuita upepo upite ndani. Sisi tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye nchi kavu inayopata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Oktoba na Novemba mchana unapita nyuzi 30, lakini jua likizama hewa inapoa. Juni na Julai alfajiri ni ya koti, nyuzi 13 au 14. Tofauti hiyo ya mchana na usiku ni mali tuliyopewa bure. Nyumba inayojua kuitumia haihitaji feni mchana wala blanketi la tatu usiku. Nyumba ya Mbezi, Dar es Salaam, ikiletwa huku Chamwino imejengwa kana kwamba tofauti hiyo haipo.

Njoo uingie kwenye nyumba uliyomjengea mama, saa kumi jioni mwezi wa kumi. Bati linalia juu kwa kutanuka. Weka kiganja kwenye dari la jipsamu, ni la moto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Ukuta wa upande wa magharibi ni bloku la inchi sita, limepigwa na jua tangu saa saba na sasa linaanza kulitapika joto hilo chumbani, na litaendelea mpaka saa ya watu kuingia kulala. Dirisha la alumini la kusukuma, hata ulifungue lote, linafunguka nusu, nusu nyingine ni kioo kilichofunikwa na kioo kingine. Feni inazunguka, maana umeme wa vijijini wa REA umefika kwa ile ada ya shilingi 27,000, lakini inachozungusha ni hewa ya moto. Na mama mwenyewe humkuti ndani. Yuko chini ya mwarobaini, na usiku huo atalala kwenye kibanda cha jikoni. Mkimuuliza kwa simu atawaambia nyumba ni nzuri sana, wanangu Mungu awabariki. Mnategemea aseme nini?

Sasa kabla hamjadhani nataka kuwarudisha kwenye tembe, nisikilizeni. Wazee wetu walilijua joto. Tembe lilikuwa fupi, kuta za nguzo zilizobanana na kukandikwa udongo kwa unene, paa bapa lenye udongo juu yake, vyumba vimezunguka zizi. Mchana wa Oktoba ukiingia mle unahisi umeingia pangoni. Lakini tembe lilikuwa na dhambi zake na hakuna haja ya kuzificha. Sentimita kumi za udongo darini ni kilo 160 kwa kila mita ya mraba kabla tone la mvua halijaanguka, ndiyo maana lilikula miti mingi na ndiyo maana mvua ikizidi lilikuwa linavuja au linaangukia watu. Halafu papasi. Wanaishi kwenye nyufa za ukuta na vumbi la sakafu, wanatoka usiku, wanauma, na homa yao inakwenda na kurudi mpaka inamaliza mtoto na mama mjamzito. Mama zetu walioshangilia sakafu ya saruji na bati hawakuwa washamba wa kufuata mtindo. Walikuwa wanakimbia papasi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: tuchukue unene na udongo wa tembe, tuache nyufa, giza na paa zito. Karibu kila kitu kinachohitajika kwa kazi hiyo kiko ndani ya mkoa, isipokuwa bati, misumari, nondo kidogo na mifuko michache ya saruji.

Tuanze na ukuta, maana hapo ndipo mnaponibishia sana kwenye simu. "Fundi, udongo tena?" Ndiyo, udongo. Ukuta wa tofali mbichi wenye sentimita 35 hadi 40 unalichukua joto la jua polepole, na linatumia kama saa kumi kuvuka mpaka ndani. Jua la saa nane mchana linafika chumbani karibu na saa sita usiku, wakati nje kumeshapoa na dirisha liko wazi. Asubuhi ukuta umepoa, unaanza siku upya. Julai mambo ni hayohayo kwa faida nyingine: joto la mchana linakuja kuwakuta mmejifunika, usiku wa baridi. Bloku jembamba haliwezi mchezo huo.

Si kila udongo unafaa, na hapa ndipo mafundi wengi wa siku hizi, waliozoea mchanga na saruji, wanapoharibu. Unachimba kupita kina cha nusu mita, upate udongo usio na mizizi wala weusi wa samadi. Unauchekecha, unaulowesha kidogo, unaukanda mpaka uache kung'ang'ania kiganja. Kisha unauviringisha uwe kamba nene kama dole gumba, unailaza mezani na kuisukuma taratibu ipite ukingoni. Ikikatika kabla ya sentimita 5, mchanga umezidi. Ikining'inia ikapita sentimita 15, mfinyanzi umezidi, na tofali zake zitapasuka juani kabla hata hujazipanga. Ikikatika katikati ya hapo, una udongo wa ukuta. Uliozidi mchanga unaongezewa udongo wa kichuguu, na uliozidi mfinyanzi unaongezewa mchanga wa korongo. Unatia nyasi kavu zilizokatwakatwa, unauacha ulale, unafyatua. Tofali zinaanza kukauka kivulini, zinageuzwa ubavu, zinapewa mwezi mzima. Ile ya kwanza kukauka iangushe kutoka usawa wa bega. Ikivunjika vipande viwili vitatu si neno, ila ikimwagika kama unga, rudi shimoni. Jaribio hili halina gharama, na bibi yeyote wa Kigogo aliyewahi kukandika nyumba atakusahihisha mkono ukikosea. Kazi ya kusiriba ilikuwa yao, sisi wanaume tulisimamisha nguzo tu.

Mtasema: basi tuchome tofali, ziwe imara. Nalijua tanuri vizuri. Nendeni mkaone linavyokula. Migunga inakatwa, inapangwa kwenye midomo ya tanuri, inawaka usiku na mchana, na tofali za pembeni zinatoka mbichi hata hivyo. Huu ni mkoa ambao Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 ng'ombe wakaondolewa kwenye maeneo yaliyoliwa na mmomonyoko kule Kondoa ili ardhi ipone. Miaka ya karibuni vijiji vingi vimefundishwa kisiki hai, mtu anachagua machipukizi ya kisiki shambani, anayapogoa, mti unarudi bila kupandwa. Halafu mti huohuo ukifikia unene wa paja unaingia tanurini kwa sababu mtoto wa mtu anajenga. Taifa lina mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unaotaka Watanzania asilimia 80 wapikie nishati safi, na ni jambo jema. Ila tunaizungumzia sufuria tu, tanuri limetulia kimya porini.

Palipo na maji ya kurukia, yaani kozi za chini, bafuni na kwenye kona, tumieni tofali za udongo na saruji za kufungamana, zile ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezieneza kwa miaka mingi. Zinashindiliwa kwa mashine ya mkono, kipimo kimoja cha saruji kwa kama kumi vya udongo kutegemea udongo wenyewe, zinafunikwa na kumwagiliwa wiki moja au mbili, hazichomwi. Saruji tuipe heshima yake. Mawe yake ya chokaa hupikwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vyake duniani vinatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Mfuko wa saruji wa Wazo, Dar es Salaam, ukifika Dodoma umeshatembea kilomita 450 juu ya lori. Kitu cha namna hiyo unakiweka panapohitajika, kwenye msingi, sakafu na lenta. Hukijazi ukuta mzima kwa sababu jirani amejaza.

Msingi uwe wa mawe, na mawe tunayo, milima yetu ni mawe matupu. Upande mpaka sentimita 45 juu ya ardhi. Waliokuwa Mpwapwa na Kongwa wakati wa mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 hawahitaji maelezo zaidi. Udongo hauogopi mvua inayopita, unaogopa maji yaliyosimama miguuni mwake. Na lenta ya nondo izunguke nyumba nzima bila kukatika, kwa kuwa tuko kwenye tawi la Bonde la Ufa na ardhi hii hutikisika mara kwa mara.

Neno moja kuhusu plasta, maana hili limeshaua nyumba nyingi nzuri. Msipige plasta ya saruji juu ya tofali mbichi. Saruji ni ngumu, haitanuki pamoja na udongo, inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayapati pa kutokea, na baada ya misimu michache plasta inabanduka na vipande vya ukuta mgongoni. Siribeni kwa udongo uleule wa ukuta, wenye chokaa kidogo, laini hadi mkono uteleze, ndani na nje. Ulaini huo si wa urembo. Papasi hana pa kujificha kwenye ukuta usio na ufa na sakafu ngumu. Kila baada ya mvua za masika ufa ukionekana unazibwa siku hiyohiyo, kazi ya asubuhi moja.

Tukija kwenye paa, sina ugomvi na bati. Linakusanya maji ya kunywa, halivuji, haliungui kama nyasi. Ugomvi wangu ni bati kuwa peke yake, na zaidi ya hapo nina ugomvi na hii nyumba ya kuficha paa. Nani aliwaletea? Mmeona kwenye picha ukuta umepanda juu, bati limefichwa nyuma yake, nyumba ina umbo la boksi, mkasema ndiyo usasa. Nyumba hiyo haina ukingo. Kofia mmemvua mtu mchana wa jua, halafu mnamnunulia feni. Mvua inapiga ukuta tangu juu mpaka chini, na mfereji uliojificha nyuma ya ukuta ukiziba majani maji yanashukia sebuleni. Nimeitwa kurekebisha nyumba hizo kuliko aina nyingine yoyote.

Paa la huku lining'inie nje ya ukuta sentimita 80 angalau. Nyumba iwekwe ndefu kwa mashariki na magharibi, ili kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini. Hesabu yake ni nyepesi: Desemba jua la adhuhuri liko upande wa kusini, juu karibu na utosi, na ukingo huo unaufunika kwa kivuli ukuta mzima. Juni jua limeinama kaskazini, linaingia chini ya ukingo na kupiga nusu ya ukuta wakati tunapohitaji joto. Upande wa magharibi hakuna ukingo unaosaidia, jua la jioni linakuja limelala. Huko weka stoo na choo, au ukuta mtupu, na mti.

Chini ya bati ndiko pesa iende. Bati la mchana wa Novemba linapita nyuzi 60, na jipsamu tupu haizuii kitu. Ninalopenda mimi ni dari la mianzi au mabanzi, juu yake sentimita kumi za pumba za mpunga, ambazo Bahi wanazitupa kwa malori, na juu ya pumba tabaka jembamba la udongo ili panya na cheche visipate njia. Ni jepesi, kenchi za kawaida zinalibeba. Kati ya dari na bati hewa ipite, itokee kwenye matundu ya pembetatu mwisho wa paa, yawekewe wavu wa mbu na wa ndege. Bati liwe jeupe au la rangi nyepesi. Hiyo samawati iliyokolea na hiyo nyeusi inayopendwa sasa ni kununua joto kwa bei ya juu.

Madirisha sitasema mengi. Yawe ya mbao yanayofunguka yote, yenye wavu, kwenye zile kuta ndefu mbili, upande huu na upande wa pili wa chumba, ili upepo upite. Yafungwe mchana, yafunguliwe usiku. Hilo la kufunga mchana linawashangaza wageni kila mara, wakati kila mwenye tembe alilijua.

Kama haya yanaonekana ya kimaskini, basi nawatajia mtoto wa kijiji mwenzenu. Francis Kéré alizaliwa Gando, Burkina Faso, mtoto wa chifu, wa kwanza kijijini kwao kupelekwa shule. Akafika Berlin, na huko akasomea usanifu majengo. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, alianzisha chama cha kuchangisha pesa za kujenga shule kwao, kama nyinyi mnavyochangishana kwenye makundi ya simu. Aliporudi na kusema shule itakuwa ya udongo, watu wa kwao walisita, walimtarajia mtu wa Ulaya alete jengo la Ulaya. Shule ilikamilika 2001. Kuta ni tofali za udongo wenye saruji kidogo, zilizoshindiliwa palepale na wanakijiji. Dari ni la tofali hizohizo lenye nafasi za kupitisha hewa, na bati limenyanyuliwa juu kabisa kwa kenchi za nondo nyembamba zilizochomelewa na mafundi wa huko. Hewa ya moto inapita kati na kuondoka. Mwaka 2004 jengo hilo lilipata Tuzo ya Aga Khan, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo hakuna iliyo juu yake. Gando kuna joto kuliko Dodoma.

Tofauti ya Kéré na wewe haiko kwenye shahada. Yeye alikaa na watu wake kabla ya kuchimba msingi. Kwenye nyumba nyingi za pesa ya kutumwa mama haulizwi kitu. Anawekewa jiko la ndani lenye sinki, wakati anapika kwa kuni na sinki halina maji. Moshi unamfukuza, anajenga kibanda nyuma, na chumba cha jiko kinakuwa stoo ya mahindi. Muulizeni anapikia nini na anapenda kukaa wapi saa za jioni. Mara nyingi atataka baraza pana upande wa mashariki, na mwisho wa baraza hilo jiko banifu lenye bomba la moshi. Baraza hilo litakuwa na kazi kuliko sebule.

La mwisho ni utaratibu wa pesa. Mnatuma kwa haraka ya kupaua, ili picha ya bati ionekane kwenye kundi la ukoo, kisha boma linakaa miaka likisubiri dari na sakafu. Geuzeni. Nyumba ya udongo haina gharama kubwa ya vifaa, gharama yake ni watu: wachimbaji, wafyatuaji, wasaidia fundi, akina mama wa kusiriba. Pesa hiyo inabaki kijijini, lakini inatakiwa mapema na kidogokidogo, kila Jumamosi, sio fungu moja la kulipa duka la vifaa. Vyumba viwili vilivyokamilika na dari lake vina maana kuliko boma la vyumba vinne.

Tofali hufyatuliwa kuanzia Juni, mashamba yakishavunwa na maji yakiwa bado yapo kwenye visima vya korongoni. Ukisubiri Oktoba maji yameisha na ukuta utakutwa na mvua. Anayetaka kuanza mwaka huu anipigie mwezi wa nne. Asinitumie picha ya nyumba. Anitumie picha ya kiwanja iliyopigwa saa kumi na moja jioni, nione jua linaangukia wapi, na amwambie kijana aliyeko nyumbani achimbe shimo la mita moja, aniwekee debe la udongo wa chini.

Wenu,
Fundi mwashi, Mpwapwa